Ile 2ab Uliyoisahau

Mkulima wa Kitale hahitaji kuambiwa kwamba si kila kitu hunakilika. Panda mahindi chotara ya H614, vuna, kisha msimu ujao uzirudishe punje zilezile shambani: hazitazaa kama mbegu ya dukani. Teremka hadi Bungoma, mambo ni mengine. Kata pingili ya muwa, ifukie, na utachipuka muwa uleule.

Je, chembe ya mwanga, fotoni, ni muwa au ni mahindi chotara?

Jibu lilitoka mwaka 1982. William Wootters na Wojciech Zurek waliliandika katika jarida la Nature kwa kurasa mbili tu, na Dennis Dieks akalifikia kivyake mwaka huohuo: hali ya kwanta usiyoijua, yaani hali ya chembe ndogo kama fotoni, hainakiliki kikamilifu. Si kwamba mashine ya kuinakili bado haijaundwa. Haiwezi kuundwa kamwe.

Mwanafunzi wa Kitale, mwanafunzi wa Bungoma, usiseme haya ni ya wenzako wa ng'ambo. Shika kalamu! Kunakili hali ni kama kuizidisha kwa yenyewe. Nakala ya a ni a², ya b ni b². Sasa ipe mashine mchanganyiko, a + b. Nakala kamili ingekuwa (a + b)², yaani a² + 2ab + b². Lakini kanuni za kwanta hushughulikia kila sehemu peke yake, kisha hujumlisha. Mashine inatoa a² + b² basi. Ile 2ab haipo. Umethibitisha!

Mara ngapi umeisahau 2ab hiyo ukapoteza alama? Leo ndiyo inayolinda siri. Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walionyesha jinsi ya kutumiana ufunguo wa siri kwa fotoni: mdukuzi hawezi kuzinakili kimyakimya, na akizigusa huacha alama. Kizuizi kimegeuka kuwa ngome.

Kwa hiyo usikiogope kitabu cha fizikia kwa unene wake. Mlango wake ni aljebra ambayo tayari unayo kwenye daftari. Usiku huu, kabla hujazima taa, andika (a + b)² na uifungue mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kuchungulia ya jirani. Kesho mweleze mama kwa lugha ya mahindi. Akikuelewa, jua umeshaanza kazi ya mwanafizikia. Endelea!