Ladha ya Nisichokinywa

Baraza yetu hapa Mpendae haina jina. Ni sakafu ya saruji mbele ya duka lililofungwa siku nyingi, na baada ya Laasiri hapakosekani watu saba wanane, bao moja, na muuza kahawa na dele lake. Kahawa chungu, kashata, habari za mpira, siasa kidogo kwa sauti ya chini. Mwezi uliopita alikuja binamu yangu, mtoto wa ami, aliyekuwa Dublin miaka sita akifanya kazi jikoni. Tukampisha nafasi, tukamjazia finjani, tukamuuliza ya baridi na ya mshahara. Kisha mzee mmoja, mtu wa mzaha lakini wa swala tano, akamuuliza: "Hebu tuambie mwanangu, ile pombe yao nyeusi inakuwaje?"

Sote tulijua jibu linalotakiwa. Aseme "Astaghfirullah mzee wangu, mimi sijui," au aseme ni kama maji ya mashudu, tucheke, yaishe. Yeye akaitazama finjani yake akasema: "Mzee wangu, ni kama hii. Chungu hivi hivi, inanukia moto hivi hivi, ila ni baridi, na juu ina povu zito kama mtindi." Halafu akaongeza, pole pole: "Ni tamu."

Hakucheka mtu. Mzee akaiweka finjani chini ikiwa nusu. Binamu akaaga baada ya dakika chache, na hajarudi barazani tangu siku ile. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Nayaandika haya kwa sababu ya ule ukimya wangu.

Nianze kwa kukiri: bia hiyo sijawahi kuinywa na sina nia ya kuinywa. Swali langu si kama ni halali. Hilo kwangu lina jibu. Swali langu ni hili: je, mtu anayekiacha kitu analazimika kukisema vibaya? Na aliyekionja, tukimuuliza, analazimika kutudanganya ili tubaki na raha zetu?

Kwanza tuone kama binamu alidanganya. Bia nyeusi kavu ya Ireland, iwe ni Guinness ya Dublin au Murphy's na Beamish za Cork, hutengenezwa kwa shayiri, na sehemu ya shayiri hiyo hukaangwa mpaka ikakaribia kuwa nyeusi, kama buni. Ufanano na kahawa si wa kubuni. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma la kukaangia kimea, chombo kinachofanana sana na vile vya kukaangia kahawa, na kutoka hapo bia nyeusi zikapata weusi wao tunaoujua. Huitwa kavu kwa sababu hamira inakula karibu sukari yote, haibaki ya kuufunika uchungu. Na lile povu linatokana na gesi ya naitrojeni, yenye viputo vidogo vidogo, mbinu ambayo Guinness walianza kuitumia mwaka 1959. Ile ya chupa inayouzwa huku kwetu Afrika Mashariki ni kali zaidi na povu lake si lile, lakini moto ni ule ule. Kwa hiyo kijana alisema kweli. Aliulizwa ladha, akaieleza kwa kitu kilichokuwa mkononi mwa kila mmoja wetu.

Nadhani ndicho kilichotuudhi. Angesema ni kama kitu cha Kizungu tusichokijua, tungekaa salama. Alisema ni kama yetu.

Maana na sisi, ukweli tuuseme, kahawa hatukuizaliwa tukaipenda. Nilikuwa na miaka kumi hivi ami yangu aliponipa finjani ya kwanza. Niliitema pale pale, watu wakacheka. Mtoto yeyote ataitema, kwa sababu ulimi wa binadamu huogopa uchungu, na sumu nyingi za mimea ni chungu. Nikapewa kashata, nikajaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Sikumbuki ni lini uchungu uligeuka kuwa kitu ninachokitafuta. Nakumbuka tu kwamba sikuupenda peke yangu. Niliupenda nikiwa nimekaa katikati ya watu wazima walionisogezea nafasi. Binamu naye, katika miaka sita ya mvua na upweke, alisogezewa nafasi na watu wengine, mbele ya kinywaji kingine. Simtetei. Nasema tu kwamba naijua njia aliyopita.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Neno ladha limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni raha, kile kinachoburudisha. Sisi tumelifanya jina la kila kinachogusa ulimi, hata kilicho chungu. Na kahawa ina kisa chake: katika Kiarabu cha kale, qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo kabla halijawa jina la hiki tunachokunywa. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka kwa muda, na miongoni mwa waliotiliwa shaka ni wale waliokusanyika kuinywa. Finjani tunayoiona safi leo nayo ilishawahi kusimamishwa mbele ya kadhi.

Yupo mwanachuoni mkubwa aliyenisaidia kufikiri, Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha kueleza namna alivyotoka kwenye shaka, anatofautisha kujua maana ya ulevi na kulewa. Aliyelewa haijui maana yake, na mzima anayeijua hajalewa. Alilitumia hilo kueleza kwamba yako mambo ya roho yasiyofikiwa kwa kusoma bali kwa kuonja. Mimi nalichukua kwa upande wa pili: basi nisiyeonja nina mpaka. Naweza kusema kitu hiki kina madhara, kimeharamishwa, kimevunja nyumba za watu. Siwezi kusema hakina ladha. Hapo nitakuwa natoa ushahidi wa nisichokiona.

Baadaye nilimwendea yule mzee, maana si haki kumsema mtu bila kumsikiliza. Akaniambia: "Mwanangu, pale palikuwa na watoto wawili wanacheza. Ukiusifu utamu wa kitu, mlango umeshaufungua nusu." Hoja hii ni nzito, na siwezi kuipita kama siioni. Biashara ya pombe inakula kwa mlango huo huo. Guinness wenyewe, kuanzia 1929, waliwatangazia Waingereza kwamba bia yao inamfaa mtu, kama vile ni dawa.

Lakini tazama kilicho kibaya katika tangazo lile. Si kusema ni tamu. Ni kuongeza uongo juu ya utamu. Na uongo hautibiwi kwa uongo wa upande wa pili. Wale watoto wawili, tukiwaambia pombe haina raha yoyote, siku watakapoonja wakaikuta raha watasema: basi na yale mengine walitudanganya. Watayatupa na ya kweli pamoja na ya uongo.

Tena Kurani yenyewe haikuficha. Aya ya 219 ya Suratul Baqara inakubali kwamba katika ulevi na kamari yamo manufaa kwa watu, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Imepima pande mbili za mizani. Sisi barazani tulitaka upande mmoja uwe mtupu.

Na huko huko Dublin, mwaka 1898, padri James Cullen alianzisha chama cha Wakatoliki wasiokunywa kabisa, wanaovaa beji ndogo kifuani. Wao huiacha pombe kama sadaka. Na sadaka, kila mtu anajua, haitolewi kwa kitu kibovu. Ukinipa shati lililochanika hukunipa kitu. Kama bia ile ingekuwa maji ya mashudu, mimi kutoinywa kungekuwa na thamani gani? Nisingekuwa nimejizuia na chochote.

Jana nilimpigia binamu simu. Nikamwambia kahawa ya leo natoa mimi. Akauliza, "Na mzee?" Nikamwambia mzee ameuliza habari zako mara mbili, na ni kweli ameuliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atakuja baada ya Magharibi, kiza kikishaingia.

Nimemwambia aje Laasiri, watu wakiwepo.