Kipa na Kocha

Huku Temeke mtu tunamuuliza kwanza "Simba au Yanga?", jina baadaye. Sasa fikirieni Kigali, Aprili 1994. Askari wanaingia nyumbani kwa Eric Murangwa, Mtutsi. Mmoja anaona albamu ya picha, anagundua kumbe huyu ni kipa wa Rayon Sports. Wanamwacha. Kisha wachezaji wenzake, wakiwemo Wahutu, wanamficha.

Angekuwa fundi viatu je?

Maana Ulaya mpira haukumwokoa Árpád Weisz. Kocha huyu Myahudi aliipa Bologna ubingwa wa Italia 1936 na 1937, akafukuzwa na sheria za ubaguzi, akaenda kufundisha Dordrecht, Uholanzi. Wajerumani walipoikalia nchi wakampiga marufuku viwanjani. Mkewe na watoto wao wawili waliuawa Auschwitz 1942, yeye Januari 1944.

Kwa hiyo yule askari simsifu sana. Alimhurumia kipa, si mtu. Wale wachezaji ni habari nyingine, waliweka roho zao rehani. Ila nao walikuwa wakimjua. Msamaria wa Luka 10 hakumjua majeruhi hata kidogo.

Mimi shabiki wa Yanga ningemfungulia mlango, hilo sina wasiwasi, tumeshataniana sana. Lakini yule kijana mgeni aliyehamia juzi nyuma ya gereji, nisiyemjua hata jina? Hapo ndipo bado nimekwama.