Kisanduku Kwenye Fomu

Mwaka jana tumbo lilinisumbua wiki tatu mfululizo. Mama akasema ni pilipili, marafiki wakasema ni mawazo. Nikaenda kliniki moja hapa Nairobi, na kabla ya kumwona daktari nikapewa fomu: jina, umri, simu, kabila. Kalamu ikasimama hapo. Kabila langu linahusiana vipi na kiungulia? Foleni ilikuwa ndefu, nikajaza tu.

Majibu yakaja: H. pylori. "Usijali, ni bakteria tu. Nusu ya dunia inayo," daktari akasema, akaniandikia dawa za siku 14.

Nilijali. Mjomba wangu alikufa kwa kansa ya tumbo, na bakteria huyu ndiye chanzo kikubwa zaidi cha kansa hiyo. Usiku huo nikaanza kusoma, na kusoma kukanifikisha mbali na nyumbani.

Nchini Marekani, Walatino hupata kansa ya tumbo karibu mara mbili ya Wazungu, na wengi wao huipata mapema zaidi. Wanasayansi wanatafuta alama za hatari hiyo. Kuna jeni ya CDH1, ambayo ikiharibika hupita kutoka mzazi hadi mtoto. Kasoro hiyo ilitambuliwa mwaka 1998 katika familia za Kimaori huko New Zealand. Kuna IL1B, inayochangia ukali wa mwili unapopambana na maambukizi. Na bakteria mwenyewe ana alama zake: aina zenye jeni ya cagA ni hatari zaidi.

Lakini stori iliyonikaa kichwani inatoka Nariño, kusini-magharibi mwa Kolombia. Tumaco iko pwani, Túquerres iko juu milimani. Kote kuwili, watu wazima karibu 9 kati ya 10 wana H. pylori. Hata hivyo, kansa ya tumbo kule milimani ni takriban mara 25 ya ile ya pwani. Watu wengi wa Tumaco ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani; wengi wa Túquerres ni wazao wa wenyeji wa Amerika. Mwaka 2014 watafiti walichapisha maelezo haya: bakteria mwenye asili ya Afrika hana madhara makubwa kwa mtu mwenye asili ya Afrika, maana wawili hao wamezoeana kwa maelfu ya miaka. Akiingia kwenye tumbo la mtu mwenye asili ya wenyeji wa Amerika, madhara yanakuwa mabaya zaidi.

Sasa wapeleke watu hao wote Marekani, uwape fomu. Wote wataweka alama kwenye kisanduku kimoja: Latino.

Basi tukifute hicho kisanduku? Nilidhani hivyo, kisha nikasita. Korea Kusini humwalika kila mtu wa miaka 40 na kuendelea apimwe tumbo kila baada ya miaka miwili. Marekani haina mpango wa kitaifa wa aina hiyo. Ukiondoa jina la kundi, ile "mara mbili" inapotea kwenye hesabu ya wastani, na hakuna atakayeuliza kwa nini watu hao wanaumia zaidi. Kutohesabiwa pia ni dhuluma.

Shida inaanza jina linapogeuzwa kuwa jibu. H. pylori huambukizwa sana utotoni, hasa penye msongamano na maji machafu. Ukisema "ni damu yao", umejiondolea kazi ya kurekebisha bomba. Umemwacha pia mtu aamini kwamba hatima yake imeshaandikwa, ilhali bakteria huyu anatibika.

Na hili halihitaji Amerika. Kwenye matanga ya mjomba nilisikia mzee mmoja akisema, "Hiyo ni kitu ya ukoo wao." Watu wakatikisa vichwa, stori ikaishia hapo. Hakuna aliyesema kwamba mjomba alitafuna vidonge vya kiungulia kutoka duka la dawa kwa miaka mingi, na kwamba siku alipopimwa kwa mara ya kwanza kwa kamera ya kuingia tumboni, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Labda damu ilichangia, siwezi kukataa. Lakini damu ilipewa lawama yote, na sisi wengine tukaenda nyumbani tukiwa wasafi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: niulize asili yangu kama unataka kujua unipime nini. Usiniulize ili uache kunipima.

Mwezi mmoja baada ya kumaliza dawa nilirudi kwa kipimo cha choo. Nikapewa fomu ileile. Nikajaza kabila, kisha chini yake, pasipo na kisanduku chochote, nikaandika: mjomba wangu alikufa kwa kansa ya tumbo. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.