Ilimu na Ufunguo Wake

Siku ya kwanza ya somo la kufumba na kufumbua habari, ambapo sisi wanafunzi tulidhani tumeingia mahali pa siri, mwalimu alishika chaki akaandika kila kitu hadharani: namba tasa mbili, 3 na 11, zikazaa 33, kisha akaitwaa 4 iwe ndiyo ujumbe, akaipandisha kipeo cha tatu ikawa 64, akaigawa kwa 33, na baki, 31, likawa ndilo fumbo. Akaipandisha 31 kipeo cha saba, akagawa vile vile, na 4 ikarejea. Kile kipeo cha tatu, alisema, mtangazieni ulimwengu mzima. Cha saba kaeni nacho wenyewe. (Namba ya 33 hata mtoto ataichangua, zitumikazo kweli zina tarakimu zaidi ya 600.) Akatoka bila ya kufuta ubao.

Tangu siku ile lanishughulisha swali moja. Mwanachuoni aulizwaye akaificha ilimu yake amebeba dhambi, na aliyewekewa amana akaitoa amebeba dhambi pia. Basi ambaye ilimu yenyewe ndiyo amana aliyowekewa, afanye nini?

Wahenga wa fani hii walikwisha kuligusa. Al-Kindi, aliyeandika risala yake Baghdad katika karne ya 9, alionyesha kwamba ukizihesabu herufi za fumbo, ile ikaririwayo mno itakufichulia nyingine, wala hakuona haya kuifundisha hila hiyo. Na mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha huko Paris, alishurutisha kwamba chombo cha kufumbia kisidhurike hata kikiangukia mikononi mwa adui, maadamu ufunguo umesalimika. Nami naona hapa pana mfano wa ibada yetu, kwani rukuu na sijida huonwa na msikiti mzima, na nia hubaki baina ya mja na Mola wake.

Walakini yuko James Ellis. Katika idara ya Serikali ya Uingereza ya mawasiliano ya siri, huko Cheltenham, yeye ndiye aliyebaini mwaka 1970 kwamba ufunguo wa kufumbia waweza kutangazwa. Mwaka 1973 mwenziwe, Clifford Cocks, akaipatia fikira hiyo hesabu iliyo karibu sawa na ile ya ubaoni, ambayo Rivest, Shamir na Adleman waliifikia Marekani mwaka 1977 pasi na kujua, nao wakaitangaza. Ellis akanyamaza. Alifariki Novemba 1997, na Desemba ya mwaka uo huo ndipo idara ilipoidhinisha habari hiyo itolewe.

Simlaumu, kwani aliahidi akatimiza. Lawama nawapa walioitia kufuli ilimu ambayo kuenea kwake hakungempunguzia mtu ufunguo wake. Na nimkumbukapo, moyo huniuma kwamba miaka 27 mtu yule hakuweza kusimama mbele ya vijana, akashika chaki, akayaandika aliyoyajua.