Je, Ni Haki Kumlipa Mwalimu Asiye na Darasa?



Mzazi auzaye mbuzi ili kulipa ada ya mwanawe ana haki ya kuuliza fedha yake yafanya kazi gani. Mzazi mmoja wa namna hiyo alituuliza swali lililotunyima usingizi: "Chuo kikimlipa mtu ambaye hana darasa, hatoi mtihani, wala hasahihishi daftari, bali kazi yake ni kuchora picha tu, je, huo si wizi?" Siku ile hatukuwa na jibu. Leo twataka kujaribu, nasi tutaanza na habari ya Marekani, maana huko jambo hili lilijaribiwa zamani, tena katika chuo cha wakulima.

Mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Wisconsin, katika mji wa Madison, kilimwita mchoraji John Steuart Curry aje akae pale na kufanya kazi yake. Wisconsin ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na waliomwita walikuwa watu wa kilimo, si wa sanaa. Mkuu wao, Chris Christensen, alikuwa amejifunza habari za vyuo vya watu wa shamba huko Denmark, akaamini kwamba mkulima hahitaji mbegu na mbolea tu, bali na macho ya kuona uzuri wa nchi yake. Curry naye alikuwa mtoto wa shamba, aliyezaliwa Kansas mwaka 1897. Hakupewa darasa wala ratiba. Alipewa nyumba ya kufanyia kazi, na wanafunzi walikuwa huru kuingia, kutazama na kuuliza. Kadhalika alizunguka vijijini kutazama picha walizochora wakulima na wake zao baada ya kazi za mchana. Na mwaka 1940 picha za watu hao zilikusanywa zikaonyeshwa Madison. Alidumu katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1946.

Basi vijana walipata nini kwa mtu huyu ambacho hawakupata darasani? Ili kujibu, hatuna budi sisi walimu kuungama siri yetu. Hesabu tuifanyayo ubaoni asubuhi tumekwisha kuifanya usiku nyumbani kwa taa. Makosa yetu tumeyaacha huko. Mwanafunzi haoni ila jibu lililo sawa, naye hudhani kwamba mwenye akili hakosei kamwe. Tulikuwa na kijana mmoja ambaye kila alipokosa mstari mmoja alipasua karatasi nzima akaanza upya. Tulimsifu mbele ya wenzake kwa usafi wake. Mwisho wa mwaka hakuwa na kazi hata moja iliyokamilika, na kalamu aliishika kwa hofu. Hatukumpiga wala kumtukana. Tulimwumiza kwa sifa.

Fundi afanyaye kazi machoni pa watu hawezi kuficha njia yake. Curry alikuwa na desturi ya kuzirudia picha zake, hata zile zilizodhaniwa kuwa zimekwisha. Wala si makosa yake tu yaliyoonekana, bali na aibu zake. Tangu mwaka 1937 hata 1942 alichora picha kubwa kutani mwa jengo la serikali kwao Kansas. Watu wa kwao walimcheka: fahali huyu mwekundu mno, na mkia wa nguruwe haukunjwi hivyo. Tena wakuu walikataa kuondoa mawe ya marumaru ili apate nafasi ya kumaliza, naye akaziacha picha zile bila kutia jina lake.

Lakini mwaka huo huo wa 1942 alimaliza picha nyingine Madison, katika maktaba ya wanafunzi wa sheria. Yaonyesha watumwa weusi wa Marekani wakitoka katika utumwa. Kwanza ilikusudiwa jengo la Idara ya Sheria kule Washington, ikakataliwa, maana wakubwa waliogopa ugomvi wa rangi. Kijana aliyekuwa Madison miaka ile aliweza kuona kazi iliyofukuzwa mahali pamoja ikipata ukuta mahali pengine, kwa sababu mwenye kazi hakuitupa. Wazee wasema, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Methali hiyo twaweza kuiandika ubaoni mara mia. Lakini kijana huiamini siku aonapo mtu mzima amejikwaa, akainuka.

Tangu hapo vyuo vingi vimewaita mafundi wa namna hii. Hata karibu nasi, Chuo Kikuu cha Makerere kilimpa Ngũgĩ wa Thiong'o nafasi kama hiyo ya uandishi katika miaka ya 1969 na 1970.

Hata hivyo mzazi yule hakuuliza upuuzi. Fundi akifunga mlango wake, akala mshahara na kutengeneza picha za kuuza, wanafunzi wasimwone ila siku ya sikukuu, huo ni wizi kweli. Tena yuko fundi wa pili, aliye mbaya kuliko huyo: awaitaye vijana wamsaidie, wakachanganya rangi, wakapanda ngazi, wakajaza ukuta, kisha jina likaandikwa lake peke yake. Huyo amewafanya wapagazi. Mkono uliofanya kazi na utajwe, hata ukiwa mkono wa mtoto.

Jibu letu basi ni hili. Mlipeni fundi, lakini mlango wake uwe wazi, na vijana wapate kuona kazi tangu mwanzo wake mbovu hata mwisho wake. Hapo ada ya mbuzi haikupotea.

Na sisi wenye madarasa? Haitupasi kumngojea mchoraji kutoka mbali. Twaweza kesho asubuhi kufanya ubaoni hesabu ambayo hatukuijaribu usiku. Tukikosa mbele ya watoto, tuseme, "Hapa nimekosa," tutafute pamoja nao mahali tulipopotea. Kijana wetu yule wa karatasi zilizopasuliwa hakupewa somo hilo. Walioko darasani leo bado tunao.