Je, Mtu Asiyeweza Kutenda Ovu ni Mwema?



Kitabu cha Mwingereza Anthony Burgess kiitwacho A Clockwork Orange, kilichotolewa mwaka 1962, si cha kuwapa watoto. Alex, kijana wa miaka 15, huzunguka usiku na wenzake wakipiga wazee na kunajisi wanawake, naye husimulia yote hayo kwa furaha. Hata hivyo kina swali ambalo Mkristo hawezi kulikwepa.

Alex ana lugha yake. Burgess aliitunga akichukua maneno mengi ya Kirusi. Rafiki, kwa mfano, ni "droog". Mwanzoni msomaji hubahatisha maana, lakini baada ya kurasa kadhaa maneno yamekwisha kumzoea. Na hapo pana hatari, maana damu ikipewa jina la mchezo haimshtui mtu sana. Wako wasemao kwamba lugha hiyo ni pambo tu. Mimi sioni hivyo. Anayeazima maneno ya genge huazima na macho yake pia, ingawa hakulazimishwa na mtu. (Nasi tunaita rushwa "chai".)

Baadaye Alex hufungwa kwa kuua, na serikali humtibu. Hudungwa dawa huku akionyeshwa sinema za ukatili, hata ikawa akiwaza tu kumpiga mtu hushikwa na kichefuchefu. Sasa hana madhara. Kasisi wa gereza, mwenye kupenda wiski kuliko inavyofaa, ndiye anayeona shaka: asiyeweza kuchagua, je, amebaki mtu?

Aliyevunjiwa mlango usiku atajibu, "Mnyang'anyeni hiari yake, mradi nilale." Sithubutu kumlaumu. Lakini Burgess naye hakuandika kwa raha. Mwaka 1944, wakati wa vita, mke wake alishambuliwa na wanajeshi jijini London, naye Burgess yuko mbali, Gibraltar. Mtu aliyeonja uchungu huo ndiye aliyesema kwamba hata Alex asinyimwe hiari.

Huko Marekani kitabu kilichapishwa bila sura ya mwisho, ya 21, na sinema ya mwaka 1971 nayo iliiacha. Ilirudishwa huko miaka ya 1980. Nasikitika kwa wote walioikosa. Humo Alex, sasa ana miaka 18, anachoshwa na ukatili na kuanza kutamani mke na mtoto wake mwenyewe, wala safari hii hakuna aliyemdunga sindano.