Amana ya Jirani: Nani Awasemee Banyamulenge?

Swali la kama serikali ina haki ya kuwasemea watu wanaoonewa katika nchi isiyo yake halijibiki kwa nadharia tupu linapoulizwa Bukavu, mji unaotazamana na Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa maana hapo jibu limekwisha kuleta vita zaidi ya mara moja. Wanaohusika ni Banyamulenge, yaani Watutsi wafugaji wa nyanda za juu za Uvira, Fizi na Mwenga, ambao uraia wao ulitiwa shakani na sheria ya mwaka 1981, iliyodai mababu waliokuwamo nchini tangu 1885, na ambao bunge la mpito la Zaire (Kongo ya sasa) liliwahesabu kuwa wakimbizi mnamo Aprili 1995. Mwanzoni mwa Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa juma moja tu wawe wameondoka. Dhuluma hiyo ilikuwa ya kweli, na jirani ambaye angeinyamazia angestahili lawama.

Rwanda haikunyamaza. Tarehe 10 Oktoba 1996, huko Cyangugu, Rais Pasteur Bizimungu alionyesha ramani ya Rwanda ya kale na kutaka uitishwe mkutano wa pili wa Berlin, mji ambako mataifa ya Ulaya yaliwekeana masharti ya kuigawana Afrika mwaka 1884–1885. Hapo utetezi uligeuka dai, kwa kuwa anayesema ndugu yake asipigwe anatetea uhai wa mtu, lakini anayeongeza kwamba hata shamba la ndugu huyo lilikuwa lake zamani anampa mtesaji kisingizio alichokuwa akikitafuta.

Dini zinazosimulia habari ya Kaini humdai kila mtu ulinzi wa ndugu yake, ila mlinzi huyo hushika amana, yaani kitu alichokabidhiwa akitunze bila kukimiliki wala kukifanyia biashara. Amana hiyo ilivunjwa waziwazi mwaka 2002, pale Patrick Masunzu, kamanda aliyetoka miongoni mwa Banyamulenge wenyewe, alipowaasi washirika wa Rwanda, na jeshi la Rwanda likapanda milimani kumpiga katikati ya watu wake. Miaka miwili baadaye makamanda waasi Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliiteka Bukavu kwa jina la kuwaokoa Banyamulenge hao hao. Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa Gatumba, Burundi. Wauaji ndio wenye damu hiyo mikononi, lakini mwokozi aliyeacha chuki nyuma yake hawezi kusema hakuhusika.

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyewasemea wakimbizi wa Kihutu kutoka Rwanda waliokuwa kambini bila kudai chochote kwa ajili yake, aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996. Sauti ya namna hiyo ina uzito ambao ubalozi wenye jeshi mpakani hauwezi kuwa nao.

Kinshasa nayo haitoki salama katika hoja hii. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 iliyatambua makabila yaliyokuwamo nchini wakati wa uhuru, na kila Mnyamulenge anapoitwa mgeni katika nchi aliyozaliwa, Kigali inarudishiwa dai ambalo sheria hiyo ilikuwa imeinyang'anya. Tarehe 27 Juni 2025, Bukavu ikiwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini mapatano ya amani jijini Washington. Wazee wa Minembwe, katika nyanda za Banyamulenge, hawakuwa miongoni mwa waliotia saini.